Mama wa Kwenye Kitochi

Mwanangu aliota jino la kwanza nikiwepo. Alitambaa nikiwepo, akasimama dede nikiwepo, na hatua yake ya kwanza aliipiga kwenye sakafu ya chumba changu cha kupanga hapa Mbeya, akaangukia ndoo ya maji, tukalowa wote wawili. Naanza na haya makusudi, ili asije mtu akasema sikumlea. Yaliyofuata ndiyo niliyasikia kwenye simu.

Mimi ni mkata tiketi. Nakaa dirishani pale stendi, nauza safari za Makambako, Mafinga, Iringa na kuendelea mbele. Mwanangu nilikuwa nakwenda naye kazini nikiwa nimemfunga mgongoni, na abiria walimzoea mpaka wengine wakawa wanampungia yeye mkono kabla ya kunisalimia mimi. Baba yake sitamzungumzia. Alivuka mpaka wa Tunduma akaniambia anarudi, na mimi kwa kazi yangu nilipaswa kumtambua mtu wa tiketi ya kwenda tu.

Tabu ilianzia kwenye kunyonya. Mtoto anatembea, ana meno ya kutafuna hindi la kuchoma, na ziwa hataki kuacha. Siku moja mzee mmoja wa heshima zake alikuwa dirishani anauliza basi la mchana linaondoka lini. Binti yangu akaingiza mkono kwenye blauzi, akalitoa ziwa zima nje kama anamwonyesha mzee bidhaa. Mzee wa watu aligeuka akatazama mlima, akaniuliza tena saa ya basi akiwa amenipa mgongo. Nilimjibu, nikamkatia tiketi, akaipokea kwa mkono wa nyuma.

Jirani yangu, mama mmoja anayekaanga maandazi pale uani kwetu, akanishauri nipake shubiri. Nikapaka. Mtoto akaonja, akakunja uso, akanitazama kwa huruma kama mtu aliyepatwa na msiba, akafuta kwa kiganja, akaendelea. Nikajaribu pilipili. Siku ile nililia mimi, yeye aliniangalia tu.

Mama yangu, anayekaa Kalenga, alipopata habari alicheka mpaka akakohoa. Kwetu mtoto mgumu wa kuacha ziwa hapelekwi kwa mganga, anapelekwa kwa bibi. Analia siku chache, anazoea uji na viazi, anarudishwa. Sharti ni moja: mama asionekane. Ukionekana tu, kazi yote bure, anaanza upya na safari hii anakuwa mkali zaidi. "Mlete," akasema. "Wiki chache tu, utamchukua akiwa mtu mzima."

Nikampeleka. Nilimwacha amelala, nikaondoka bila kuaga kama mwizi, kwa sababu ndivyo nilivyoelekezwa.

Wiki chache zilipokwisha akashikwa na homa, bibi akasema asubiri apone. Alipopona, nilikwenda mara moja, mara moja tu. Aliniona, akaning'ang'ania kifuani, akanyonya ziwa lililokwisha kukauka, na nilipoondoka alilia mpaka akapoteza sauti. Bibi akanipigia akiwa amekasirika kweli: "Sasa usije mpaka nikuite." Halafu ukaja msimu wa abiria, na tajiri wangu hatoi likizo msimu wa abiria. Ukiisha msimu wa Krismasi unakuja wa Pasaka, unakuja wa shule kufunga, unakuja wa shule kufungua. Watu wote wakisafiri kwenda kuwaona watu wao, mimi ndiye ninayewakatia tiketi. Nyie mnaosoma hapa mkasema mama gani huyu, njooni mkae dirishani kwangu msimu mmoja, kisha tuongee.

Basi nikawa mama wa simu. Bibi alikuwa na kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe chenye tochi kichwani, na simu kubwa ya picha alikataa katakata. Alisema inaonyesha watu wakiwa wamevimba nyuso. Kila nilipopiga alimwekea mtoto sikioni: "Haya, huyu mama. Ongea na mama." Mimi nikiongea nilisikia anavyohema. Siku nyingine anakilamba. Siku nyingine anakiweka sakafuni anakipa uji.

Nikayapata maendeleo yake hivyo hivyo, kwa kusimuliwa. Ameacha kukojoa kitandani. Amemfukuza jogoo. Amekata nyusi zake mwenyewe kwa wembe, Mungu tu. Nilimtumia viatu kwa konda, vyekundu, vya mguu ninaoukumbuka mimi. Bibi akanishukuru sana kwenye simu, akasema vimependeza. Baadaye ndipo konda aliponiambia kuwa havikupita hata vidole, na bibi amewapa majirani.

Alipoanza kusema sentensi ndipo nilipoanza kusikia maajabu. Nikipiga, bibi akipokea tu, nilisikia kwa mbali sauti ndogo inapiga kelele: "Bibi! Mama analia!"

Nilidhani anaona mbali. Wakati mwingine kweli nilikuwa nalia. Kumbe simu inaita, na simu ikiita si inalia? Na hiyo simu si ndiyo mama? Tangu apate akili aliambiwa huyu ni mama, akakubali. Mtoto hana kosa. Kitochi kilipodumbukia kwenye maji ya kunawa alikimbia shambani kumwambia bibi yake kuwa mama amezama. Betri ikiisha, mama amelala. Mtandao ukikatika, mama hapatikani. Umeme ulipokatika nyumbani walikipeleka dukani kwa mwenye sola, na yule mwenye duka, mtu wa utani, alikuwa anamwuliza, "Mama yako ameshiba?" naye anajibu, "Bado, mwongeze."

Nilicheka. Nilicheka dirishani na abiria wamejipanga, nikawasimulia na wao wakacheka. Kuna ile picha yangu ya ukutani kwa bibi, nimevaa sketi ya shule nikiwa kidato cha pili. Alipoulizwa huyu nani akasema, "Mwanafunzi." Hiyo nayo nilicheka. Kicheko kile kilianza kunikaa vibaya baadaye, nikiwa peke yangu napika.

Mwaka huu, msimu wa mwisho wa mwaka ulipokwisha, nilimwambia tajiri anipe likizo au atafute mtu mwingine. Mtoto alitakiwa kuanza darasa la awali. Nilishamwandikisha shule hapa Mbeya, karibu na ninapokaa, na nilijua nikimwacha akaanza kule, basi tena, ndiyo nimempoteza. Akanipa likizo, fupi kama kope.

Nilishuka Iringa, nikachukua bodaboda pale Mlandege mpaka Kalenga. Mvua ilikuwa imenyesha, mahindi yamesimama vizuri, na mimi moyo unanidunda kama ninakwenda kuposwa. Nilimkuta uani anafagia kwa ufagio uliomzidi urefu. Nilimjua kwa kisogo. Kisogo ni cha baba yake.

Akaacha ufagio. Akaja, akapiga magoti kidogo, akanisalimia kwa kilugha, kwa adabu zote: "Kamwene." Akanipokea begi, likamshinda, akaliburuta. Akaniletea kigoda, akakifuta vumbi kwa gauni lake, akasema, "Karibu mgeni." Mimi mikono nimeinyoosha hewani, nasubiri kukumbatiwa. Akaitazama ile mikono, akaona labda nataka maji ya kunawa, akakimbilia ndani. Nikamsikia huko ndani anasema kwa furaha, "Bibi, mpigie mama umwambie tuna mgeni!"

Bibi alitoka anacheka mpaka anashika ukuta. Na mimi nikacheka, nifanye nini? Tukamwelewesha. Huyu ndiye mama. Mama mwenyewe, wa Mbeya. Akatusikiliza vizuri, akaitika ndiyo, kisha akaniuliza, "Mgeni, utakula ugali au wali?"

Bibi akachinja kuku. Na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu firigisi aliniwekea mimi. Ni heshima ya mgeni, ameshazoea, mkono ulikwenda wenyewe. Mtoto aliitazama firigisi ile ikiingia sahanini kwangu, akatazama na mdomo wangu ulivyotafuna. Sikujua kama ilikuwa yake siku zote. Ningejua ningekula kichwa.

Baada ya kula nilitoka nikasimama nyuma ya jiko, sina pa kuweka uso. Hata sijui niliwaza nini. Nikatoa simu yangu, nikapiga kitochi cha bibi. "Mama analia!" nikasikia ndani, miguu ikikimbia. Akapokea mwenyewe.

"Mama! Tuna mgeni."

Sauti hiyo mimi sikupewa pale uani. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesubiri siku nzima kusema.

"Mgeni gani huyo?" nikamwuliza kwa kunong'ona.

"Simjui. Amekula firigisi yangu. Ana miguu mikubwa. Mama, na yeye anamwita bibi mama! Mjinga kweli."

"Si mjinga. Unampenda?"

Akafikiri. Nilisikia anavyofikiri, pumzi inaingia na kutoka. "Ananiangalia sana," akasema. "Ataondoka lini?"

Nilimjibu sijui. Nilikaa kule nyuma ya jiko mpaka moshi ukaniingia machoni, nikapata sababu ya kurudi ndani na macho mekundu.

Kesho yake nikasema hapana, mambo ya kuchekeana yamekwisha, leo ataelewa. Nikamkalisha mkekani, nikampa kitochi, nikakaa mbele yake, nikapiga. "Haloo mwanangu," nikasema, na sauti ikatoka kwangu na kwenye kitochi kwa pamoja. Akanitazama. Akakitazama kitochi. "Unaona? Ni mimi ninayeongea humo." Nikarudia. Uso wake ukaanza kubadilika, nikafurahi, nikadhani ndiyo mwanga unaingia. Akasimama akanipiga kofi mkononi.

"Bibi! Mgeni anamwigiza mama! Mwambie aache!"

Akakibeba kitochi, akakificha kifuani, akakimbia nacho shambani. Alikuwa analia kwa ajili yangu, kunilinda na mimi. Nilimwonea wivu mtu ambaye ni mimi mwenyewe. Iliniuma. Pilipili ile ya zamani ilikuwa cha mtoto.

Jioni nikagombana na bibi. Nilimwambia yeye ndiye aliyeniharibia, yeye na sharti lake la mama asionekane. Akaendelea kupepeta maharage. Kisha akasema, "Nilikuambia usionekane wiki chache. Sikukuambia usionekane." Nikamjibu vibaya. Akaacha kupepeta. "Mchukue, ni wako. Ila usimdanganye. Mtoto ukimdanganya njiani, mkifika atakuuliza."

Nikamdanganya. Sasa ningefanyaje? Alishika mguu wa kitanda hataki kuondoka, mpaka nilipomwambia tunakwenda Mbeya kwa mama. Aliuachia mguu wa kitanda palepale, akaenda kuoga mwenyewe bila kuambiwa. Bibi alimpaka mafuta kimya kimya, akamfunga kitenge mabegani kwa ajili ya baridi ya huko tunakokwenda, akaingia ndani, hakutoka kutusindikiza.

Kwenye basi alichangamka kuliko nilivyotaka. Mwanamke wa kiti cha pili akamwuliza, "Unakwenda wapi, mrembo?" Akajibu, "Kwa mama yangu, Mbeya." "Na huyu nani?" "Huyu mgeni. Alikuja kwetu akala kuku, sasa ananipeleka." Yule mwanamke akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Dada, huyu mtoto ni wako?" Nikasema ni wangu. Akamgeukia mtoto: "Eti huyu ni mama yako?" Na mwanangu, kwa adabu zote alizofundishwa na bibi yake, akasema hapana.

Jamani! Abiria wote wakasimama. Mwizi wa watoto! Mmoja anataka gari lisimame Mafinga polisi, mwingine anasema hata hawafanani, na mimi nimeshika kitambulisho changu ambacho hakisemi nimezaa. Aliyeniokoa ni konda, anayenijua kazini. "Huyu ni mwenzetu," akawaambia, "na mtoto ni wake, mimi ndiye niliyepeleka viatu." Wakakaa lakini hawakuridhika. Mpaka tunapita Makambako yule mwanamke alikuwa akimpa mtoto karanga na kunichungulia mimi kwa pembe ya jicho. Leo watu wakinisimulia vichekesho vya watoto nami nasimulia hicho, na wanakufa kwa kucheka.

Tulifika Mbeya kuna ukungu na manyunyu. Nikafungua mlango wa chumba. Nilishakiandaa, nimenunua kitanda kidogo, nimeweka shuka lenye vipepeo. Akaingia taratibu. Akatazama nyuma ya pazia. Akainama akatazama chini ya kitanda. Akafungua kabati la vyombo, maana mama aliyemzoea yeye angeweza kuenea humo. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama bibi alivyosema ataniuliza.

"Ni mimi," nikasema.

Hakulia. Alijifunika kitenge cha bibi yake akakaa ukingoni mwa kitanda changu, si kile chake, kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Nawajua watu wanaokaa hivyo. Huwa naepuka kuwatazama.

Shule ikaanza. Asubuhi nampeleka, mchana anachukuliwa na jirani yangu wa maandazi, jioni namkuta kwake. Ni mtoto mwema, hana neno. "Shikamoo mgeni." "Ahsante mgeni." Nikimwuliza shule ilikuwaje anasema nzuri. Nikimwuliza wamefundishwa nini anasema hajui. Tunakula kimya, naosha vyombo, tunalala.

Halafu siku moja, niko dirishani, simu yangu ikaita. Namba ni ya jirani. Nikapokea haraka nikijua kuna ajali.

"Mama!"

Kumbe jirani naye ana kitochi, cha rangi ileile ya bibi. Mtoto alikiona, akaruka, akadai ampigie mama, na jirani, ambaye hakujua hata nusu ya haya, akanipigia mimi. Angempigia nani mwingine?

"Mama, ulipotea wapi?" akasema. "Nimekutafuta! Mama, mimi najua kuandika a. Najua na e lakini e inanigeukia. Mama, kuna mtoto shuleni anakula chaki." Aliongea mpaka foleni ya abiria ikaanza kunitukana. Nilipaswa kumwambia. Nilifungua mdomo nimwambie, na nilichosema ni, "Eeh, niambie na nyingine."

Ikawa kila siku, akishakunywa uji. Nikajua kwamba chapati zangu ni ngumu. Nikajua kuwa mgeni anavuta sana nywele akisuka, na kuwa chumbani kwa mgeni kuna baridi lakini shuka la vipepeo ni zuri, ila asimwambie. Jioni nikarudi nikakanda unga kwa maji ya moto na mafuta. Nikamsuka taratibu, kiganja kimeshika mzizi wa nywele. Kesho yake kwenye simu: "Mama, mgeni siku hizi hanivuti nywele. Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Ahsante mama." Akanipa busu, mwa, kwenye kitochi cha watu.

Jirani alipoelewa kinachoendelea alinisema. "Unajichimbia, dada. Kata hiyo simu, ataumia siku mbili, atazoea." Ushauri ule nilishaupata mara moja maishani, wa siku chache na kuzoea. Nikikata, nani ataniambia kuhusu e inayogeuka? Yule wa jioni haniambii kitu.

Juzi aliongea kidogo. Nikamwuliza ana nini. Nilisikia mvua kwenye bati la jirani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama, njoo. Sitaki tena kuongea. Njoo tu."

Nikasema nakuja. "Leo?" Leo. "Sasa hivi?" Sasa hivi, mwanangu, nakuja sasa hivi. Nikamwachia mwenzangu dirisha, abiria wananiita dada, dada, chenji yangu, sikugeuka. Sikungoja hata bodaboda. Nilitembea kwenye mvua ile nikijisemea moyoni, ameniita. Safari hii nimeitwa, naingia kama mimi.

Nilimkuta kizingitini kwa jirani. Alikuwa ameshaoga na kuvaa gauni la kutokea, nywele amezilaza kwa maji mwenyewe. Aliponiona akasimama haraka, uso umemwangaza, na mimi nikapanua mikono. Akaja mpaka karibu. Akachungulia nyuma yangu, upande huu, na upande huu, na njia yote mpaka kwenye kona ya barabara.

"Mgeni," akasema, "umemwacha wapi?"

Nikavua viatu vilivyolowa, nikakaa kizingitini pembeni yake, nikamwambia yuko njiani.